Mwili hauzoei dawa, ni vijidudu vilivyobaki

Kuna msemo umeenea pande zote mbili za mpaka wetu, kuanzia soko la Mabanda hadi Manyovu, nao unasemwa na watu wazima wenye akili zao timamu. "Mwili wangu umeshaizoea dawa hii, nipe iliyo kali zaidi." Mama anausema mbele ya meza ya mchuuzi sokoni. Dereva anausema akiwa ameegemea magunia yake. Hata walimu wenzangu nimewasikia wakiusema. Leo, ndugu msomaji, naomba nafasi niupinge msemo huu. Si kosa dogo la lugha. Ni kosa linalotufanya tununue dawa zisizotuponya, na kesho litatunyima hata zile zinazotuponya leo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nilizaliwa ukimbizini nchini Tanzania, nikasoma huko kuanzia darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu, nikarudi nyumbani Burundi mwaka 2008 pamoja na maelfu ya watoto wa wale waliokimbia mwaka 1972. Si daktari, wala sitaki kujifanya daktari. Lakini jambo hili ni somo la darasani, na mtu yeyote aliyewahi kupepeta mahindi analielewa bila taabu.

Mfanyabiashara akipepeta, upepo hauifundishi punje kuwa nzito. Makapi yanaruka, na punje iliyokuwa nzito tangu mwanzo inabaki kwenye ungo. Antibiotiki, ambayo wataalamu wa Kiswahili wanaiita kiuavijasumu, inafanya kazi hiyo hiyo. Haivifundishi vijidudu kuishinda. Inaviondoa vilivyo dhaifu, na kama kulikuwa na vichache vyenye uwezo wa kuihimili, hivyo ndivyo vinavyobaki na kurithi nafasi yote.

Hivyo vichache vinatoka wapi? Aina nyingi za bakteria, zikipata chakula na joto la kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kijidudu kimoja kikiendelea hivyo kwa saa nane tu, kinakuwa na kizazi cha zaidi ya milioni 16. Kila kinapogawanyika kinanakili maandishi yake ya urithi, na mara chache sana kinakosea herufi. Makosa mengi hayana maana, mengine yanakiua. Lakini katika mamilioni hayo hutokea kimoja ambacho kosa lake, kwa bahati tu, linakifanya kisidhurike na dawa fulani. Bila dawa hakina faida yoyote kuliko wenzake. Dawa ikifika, kinakuwa mfalme.

Mwaka 1952 huko Marekani, Joshua Lederberg na mkewe Esther walilithibitisha jambo hili kwa kipande cha mahameli. Walikibonyeza juu ya sahani yenye vijidudu ambavyo havijawahi kukutana na dawa, kisha wakakibonyeza kwenye sahani nyingine zenye dawa, vijidudu vikahamia vikiwa katika mpangilio ule ule. Vilivyopona vilionekana mahali pale pale katika kila sahani. Maana yake ni kwamba vilikuwa na usugu tangu kwenye sahani ya kwanza, kabla hata dawa haijafika.

Sasa tuurudie ule msemo wa sokoni. Kama ni mwili unaozoea dawa, basi mtoto mchanga ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja angepona kwa kidonge cha kwanza. Lakini haiwi hivyo. Kijidudu sugu kilichochaguliwa ndani ya tumbo la baba kinaweza kupita kwa mikono, kwa maji ya kisima au kwa choo kisichofunikwa, kikaingia kwa mtoto kikiwa na usugu wake kamili. Mtoto huyo ataugua ugonjwa usiosikia dawa, ingawa hajawahi kuitumia. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Kidonge ninachomeza mimi si siri yangu peke yangu. Kinamhusu jirani yangu, abiria mwenzangu, na mteja wangu wa ng'ambo ya mpaka.

Vijidudu vina mbinu kadhaa za kujikinga. Vingine vinatengeneza kimeng'enya cha kuikata dawa vipande vipande. Kimeng'enya cha kuvunja penisilini kilielezwa na wataalamu mwaka 1940, kabla penisilini yenyewe haijaanza kutumika kwa wingi. Vingine vina pampu za kuitema dawa nje. Vingine vinabadilisha kile kitasa ambacho dawa ilikuwa funguo yake. Mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, alisimama kupokea Tuzo ya Nobel akaonya kwamba mtu asiyejua anaweza kumeza kiasi kidogo mno, na hivyo kuviacha vijidudu vikiwa sugu. Dunia ilimpigia makofi, lakini onyo lake halikuzingatiwa inavyostahili.

Jambo baya zaidi ni kwamba vijidudu hugawiana usugu. Katika miaka ya 1950, Japani ilipata wagonjwa wa kuhara damu ambao vijidudu vyao vilikuwa sugu kwa dawa nne kwa pamoja. Hilo liliwashangaza wataalamu, kwa sababu makosa manne ya bahati kutokea katika kijidudu kimoja kwa mara moja ni jambo gumu mno. Mwaka 1959 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba usugu ulikuwa ukihama mzima mzima, kutoka aina moja ya bakteria wa tumboni kwenda aina nyingine. Unabebwa katika pete ndogo ya urithi iitwayo plasmidi. Kijidudu kinainakili pete hiyo na kumpa jirani, kama mtu anayetoa fotokopi ya leseni yake na kuwagawia wenzake waliokwama kwenye kizuizi. Hata bakteria wasiotudhuru, wanaoishi tumboni mwetu siku zote, wanaweza kuwa ghala la leseni hizo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Japani na Marekani. Nawaomba tuitazame historia ya eneo letu wenyewe.

Mwaka 1977 kipindupindu kiliingia Tanzania kwa nguvu. Tetrasaiklini ikatumika kwa wingi, si kwa kutibu wagonjwa tu, bali hata kwa kuwakinga watu wazima wa afya. Mwanzoni vijidudu vyote vilivyopimwa vilikuwa vinakufa kwa dawa hiyo. Baada ya miezi mitano ya matumizi hayo, asilimia 76 ya vilivyopimwa vilikuwa sugu. Miezi mitano tu! Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1979 na madaktari waliokuwa wakifanya kazi Tanzania.

Mwaka huo huo wa 1979, kaskazini mashariki mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, kulizuka ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na kijidudu kiitwacho Shigella dysenteriae aina ya kwanza. Katika miaka michache ukafika Rwanda, Burundi na Tanzania. Dawa zilizozoeleka kama ampisilini, tetrasaiklini na Septrin zikaanguka moja baada ya nyingine. Ikaletwa asidi nalidiksiki, ikasaidia kwa muda, nayo ikaanza kushindwa. Utafiti uliofanyika Burundi mwaka 1990 na kuchapishwa mwaka 1994 ulieleza hali ya vijidudu hivyo kuzishinda dawa za kumeza zilizokuwa zikipatikana nchini.

Kisha ukaja Julai 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka kuingia Goma katika siku chache. Kikaanza kipindupindu, ikafuata kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza inakadiriwa watu 50,000 hivi walikufa, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Sitaki nieleweke vibaya. Wengi wa wagonjwa wa kipindupindu walikufa kwa kukosa maji safi na maji ya chumvi na sukari, si kwa usugu. Lakini kuhara damu kulipofuata, wauguzi walikuta kijidudu kilichokuwa kimekwisha kuchujwa na dawa za kawaida kwa miaka kumi na tano. Kilikuwa kimeshapita kwenye ungo mara nyingi kabla ya kufika kambini.

Sisi tuliokulia ukimbizini tunajua maana yake. Katika makazi tuliyoishi, dawa zilipopungua, mgonjwa alikuwa akipewa nusu ya dozi ili na mwenzake apate. Ilionekana ni haki na ni huruma. Kwa vijidudu ilikuwa nusu ya upepo.

Hapa msomaji anaweza kuuliza swali la busara. Kama usugu unaletwa na matumizi ya dawa, kwa nini tusiipumzishe dawa hiyo miaka michache, vijidudu visahau, kisha tuirudie? Lipo tumaini la namna hiyo, lakini lisitudanganye.

Malawi iliacha kutumia klorokwini kutibu malaria mwaka 1993, kwa sababu ilikuwa haiponyi tena. Vimelea sugu vikapungua hadi kutoweka, na utafiti uliofanyika Blantyre mwaka 2005 ulionyesha kwamba klorokwini imerudi kuponya karibu wagonjwa wote waliopewa. Huo ni mfano mzuri. Lakini kimelea cha malaria si bakteria, wala hakina pete za kugawiana.

Kwa bakteria mambo yalikwenda vingine. Uingereza ilipunguza mno matumizi ya Septrin na dawa nyingine za jamii ya salfa. Mwaka 1991 ziliandikwa kwa wagonjwa mara 320,000 hivi, na mwaka 1999 mara 7,000 hivi tu. Watafiti wakapima bakteria wa tumboni wa hospitali moja ya London wakitarajia usugu umeshuka. Walikuta umetoka asilimia 40 hivi na kufika asilimia 46.

Kwa nini hauondoki? Kwanza, usugu mara nyingi ni mzigo unaokichelewesha kijidudu, lakini vizazi vinavyofuata hupata marekebisho mengine yanayoupunguza mzigo, kama mchukuzi anayejifunza kufunga gunia vizuri mgongoni. Baada ya hapo hakina sababu ya kuutupa. Pili, pete moja hubeba usugu wa dawa nyingi kwa pamoja. Ukiacha Septrin lakini ukaendelea kumeza tetrasaiklini ovyo, unaitunza pete nzima, pamoja na usugu wa Septrin. Tatu, baadhi ya pete hizo zina sumu na kiua sumu chake. Kijidudu kikithubutu kuipoteza pete, kiua sumu kinaisha mapema, sumu inabaki, kijidudu kinakufa. Kwa hiyo kinalazimika kuishika.

Ndiyo maana nasema ni rahisi kuupata usugu na ni vigumu mno kuuondoa. Dawa iliyoharibiwa kwa miezi mitano inaweza isirudi katika maisha yetu. Wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi ukilinganisha na idadi ya watu wake. Haya si maradhi ya matajiri.

Sasa tuje kwenye meza ya sokoni. Wote tunaifahamu. Vidonge vya rangi mbili vimepangwa pembeni ya sabuni na betri, jua linawaka, na vingine vimekuja kwa njia za panya bila hata boksi lake. Vinauzwa kimoja kimoja, kama pipi. Mwenye mafua ananunua viwili, ingawa mafua huletwa na virusi na antibiotiki haiviui virusi hata kidogo. Mwenye kuharisha kwa kawaida ananunua vitatu, wakati anachohitaji zaidi ni maji ya chumvi na sukari. Mwenye nimonia, ambaye kweli anahitaji dawa, naye ananunua viwili kwa sababu ndizo pesa alizonazo, na vilivyokaa juani hatujui vimebaki na nguvu kiasi gani. Wote watatu wameupiga ungo. Hakuna hata mmoja aliyetibiwa ipasavyo.

Najua jibu la mchuuzi, kwa sababu ameshanijibu ana kwa ana. "Mwalimu, kituo cha afya hakina dawa. Mimi nisipouza, mtoto wa watu atakufa." Jibu hili lina ukweli, na anayelidharau hajawahi kutembea na mtoto mgongoni hadi kituoni akakuta rafu tupu. Uamuzi wa serikali wa mwaka 2006 wa kutibu bure watoto walio chini ya miaka mitano ulikuwa wa maana sana, lakini matibabu ya bure bila dawa ni karatasi. Watoto wengi barani mwetu bado wanakufa kwa kukosa antibiotiki, na mtu asije akatumia makala yangu kuwanyima. Hoja yangu ni kwamba vidonge viwili si dawa kidogo. Ni pesa iliyopotea, pamoja na deni litakalolipwa na mwingine.

Tufanye nini basi?

Kwa wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, naomba jambo moja kubwa. Acheni kuuza antibiotiki kwa kidonge. Mtu aje na cheti, apate dozi iliyoandikwa, au aelekezwe kituoni. Na hili liwahusu pia wenye mbuzi na kuku, kwa sababu tetrasaiklini ya mifugo inachagua vijidudu kama ile ya watu, na vijidudu vya zizini vinafika jikoni.

Kwa wagonjwa, fuateni dozi kama alivyoiandika mtaalamu, bila kuikatiza na bila kuirefusha kwa hofu. Siku hizi dozi za baadhi ya magonjwa zimefupishwa baada ya utafiti, kwa hiyo suala si kumeza siku nyingi kadiri iwezekanavyo. Suala ni kwamba aliyepima aseme ni siku ngapi, si mfuko wako wala jirani yako. Msitunze vidonge vilivyobaki kwa ajili ya shemeji.

Kwa wanaorudi nyumbani, na wale waliorudi miaka hii ya karibuni kutoka Nduta na Nyarugusu, angalieni sana kifua kikuu. Matibabu yake ya kawaida ni miezi sita, na huanza na dawa nne kwa pamoja kwa sababu ni vigumu mno kijidudu kimoja kiwe sugu kwa zote nne. Anayevuka mpaka katikati ya matibabu na kukaa wiki kadhaa bila dawa anaweza kuivunja kinga hiyo. Kabla ya kupanda basi, dai barua ya uhamisho na kadi yako. Ukifika, nenda kituoni hata kabla ya kwenda kuuliza habari za shamba.

Kwa serikali zetu nina maombi matatu. Mosi, kuwafukuza wachuuzi bila kuweka kitu badala yao ni kuwahamishia vichochoroni. Tanzania ilianza mwaka 2003 mkoani Ruvuma kuwafundisha wenye maduka madogo na kuwapa kibali kwa orodha maalumu ya dawa. Nasi tunaweza kujifunza hapo. Pili, maelezo ya dawa yaandikwe kwa Kiswahili na Kirundi. Pakiti iliyotoka Kigoma ina Kiingereza, iliyotoka Bujumbura ina Kifaransa, na aliyesoma ukimbizini kwa Kiswahili anabaki katikati akibahatisha. Tatu, maabara za kuotesha vijidudu na kuvipima ni dawa gani inaviua zifike karibu na mipaka, na majibu yavuke mpaka kwa haraka kama vijidudu vyenyewe. Mradi wa mtandao wa maabara za afya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2010, na Burundi ikajiunga baadaye. Njia imeshaonyeshwa.

Na zaidi ya yote, maji safi na vyoo. Ugonjwa ambao haukuingia hauhitaji dawa, na dawa isiyotumika haichagui kijidudu sugu. Bomba la maji sokoni linalinda antibiotiki kuliko hotuba yangu yoyote.

Vijidudu havina pasipoti wala havilipi ushuru. Vilitoka Zaire hadi pwani ya Ziwa Tanganyika bila kumwomba mtu ruhusa, nasi ndio tuliovibeba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku nyingine ukimsikia mtu akisema mwili wake umeizoea dawa, usinyamaze. Mwambie kwa upole kwamba mwili wake haujazoea kitu. Kilichobadilika ni vijidudu alivyonavyo, na huenda kesho vikawa vya mwanawe au vya mwanao.